Kuchora mlipuko wa ugonjwa siku kwa siku kwa Python: kipindupindu cha Soho, 1854

Mlipuko wa ugonjwa unapoanza, picha ya kwanza ambayo kila mtu ofisini anaiulizia ni grafu ya wagonjwa kwa tarehe. Kuichora ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Ugumu uko kwenye kuamua ni tarehe ipi inakaa kwenye mhimili wa chini: siku mtu alipoanza kuugua, siku alipofika kituo cha afya, au siku alipofariki. Wagonjwa ni walewale, lakini ukibadilisha tarehe, mlipuko unaonekana kuwa mwingine kabisa.

Ili tulione hilo kwa macho, tutatumia takwimu halisi za kipindupindu kilichoukumba mtaa wa Soho, London, mwishoni mwa Agosti 1854, kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street (siku hizi Broadwick Street). Daktari John Snow aliacha jedwali la siku kwa siku lenye safu mbili: wangapi walishikwa na ugonjwa, na wangapi walikufa. Jedwali lenye safu zote mbili ni hazina, kwa sababu mara nyingi tunapewa moja tu. Zaidi ya hayo, tarehe ya hatua iliyochukuliwa inajulikana: mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba, ili watu wasichote tena maji yake. Kisa hicho husimuliwa kwamba mpini ulitoka na ugonjwa ukakoma. Chora grafu mwenyewe uone.

Hatua ya 1: Andaa mahali pa kuandikia

Kama huna Python kwenye kompyuta, fungua Google Colab kwenye kivinjari, anzisha daftari jipya, na uandike msimbo moja kwa moja. Pandas (ya kushughulikia majedwali) na matplotlib (ya kuchora grafu) zimo tayari. Ukifanyia kwenye kompyuta yako, zisakinishe kwanza:

```
pip install pandas matplotlib
```

Huenda ukashawishika kuanzia kwenye Excel. Kwa takwimu hizi itakusumbua, kwa sababu Excel haitambui tarehe za kabla ya mwaka 1900. Inaziona kama maandishi ya kawaida, kwa hiyo haiwezi kuzipanga kwenye mhimili wa muda. Pandas haina shida hiyo.

Hatua ya 2: Ingiza takwimu

Jedwali linaanza tarehe 19 Agosti hadi 30 Septemba, siku 43. Nimeupanga mstari wa kwanza wa kila orodha uwe Agosti, na mistari mitatu inayofuata iwe Septemba kwa siku kumi kumi, ili kosa la kuandika ligundulike kirahisi.

```
import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt
import matplotlib.dates as mdates

tarehe = pd.date_range("1854-08-19", "1854-09-30")

waliougua = [
    1, 1, 1, 0, 1, 1, 0, 1, 1, 1, 1, 8, 56,
    143, 116, 54, 46, 36, 20, 28, 12, 11, 5,
    5, 1, 3, 0, 1, 4, 2, 3, 0, 0,
    2, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 0, 0, 0]

waliokufa = [
    1, 0, 2, 0, 0, 2, 0, 0, 1, 0, 1, 2, 3,
    70, 127, 76, 71, 45, 37, 32, 30, 24, 18,
    15, 6, 13, 6, 8, 6, 5, 2, 3, 0,
    0, 2, 3, 0, 0, 2, 0, 2, 1, 0]

data = pd.DataFrame({"waliougua": waliougua,
                     "waliokufa": waliokufa},
                    index=tarehe)
```

Ukiruka namba moja, pandas itagoma na kukuambia kwamba urefu wa orodha haulingani na idadi ya tarehe. Usiongeze sifuri mwishoni ili ikubali. Rudi kwenye mstari wenye upungufu uhesabu upya, maana sifuri ya kubandika itasogeza siku zote zilizo mbele ya kosa.

Hatua ya 3: Jumlisha kabla ya kuchora

```
print(len(data))
print(data.sum())
```

Utapata siku 43, waliougua 571 na waliokufa 616. Inawezekanaje waliokufa wawe wengi kuliko waliougua?

Majibu ni mawili, na yote yanahusu namna takwimu zilivyokusanywa. Kwanza, safu ya "waliougua" haina kila aliyepata kipindupindu. Ni wale ambao hatimaye walikufa, wakiwekwa kwenye siku ugonjwa ulipowashika. Walioharisha wakapona hawamo. Pili, kuna watu 45 ambao kifo chao kilijulikana lakini siku waliyoanza kuugua haikujulikana. Snow aliwaandika chini ya jedwali kama watu wasio na tarehe. 571 ukijumlisha 45 unapata 616, na hesabu inafunga.

Watu hao 45 hawatakuwa na nguzo kwenye grafu yako. Usiwagawanye kwa kukisia kwenye siku zenye wengi. Idadi yao iandikwe chini ya grafu, palepale msomaji anapoiona picha. Orodha nyingi za wagonjwa wetu zina pengo hilohilo: mgonjwa amefikishwa kituoni hoi, aliyemleta hajui ameanza kuharisha lini, karani anaacha nafasi wazi. Nafasi hiyo wazi ni taarifa. Inamwambia msomaji aiamini grafu kwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Grafu ya kwanza

```
fig, ax = plt.subplots(figsize=(10, 4))
ax.bar(data.index, data["waliougua"], width=1,
       color="steelblue", edgecolor="white")
ax.set_xticks(data.index[::6])
ax.xaxis.set_major_formatter(mdates.DateFormatter("%d/%m"))
ax.set_ylabel("Watu kwa siku")
ax.set_xlabel("Siku ya kuanza kuugua, 1854")
ax.set_title("Kipindupindu, Soho")
plt.show()
```

Nguzo zinagusana kwa sababu ya `width=1`, yaani kila nguzo inajaza siku yake nzima. Ndivyo grafu ya mlipuko inavyopaswa kuwa: muda hauna nafasi katikati. Nguzo ni bora kuliko mstari hapa, kwa sababu mstari unaotoka 8 tarehe 30 Agosti kwenda 56 tarehe 31 unachora watu kati ya siku mbili ambako hakuna kilichohesabiwa. `data.index[::6]` inaweka tarehe moja kila baada ya siku sita, kuanzia 19/08 hadi 30/09, ili maandishi yasirundikane.

Tazama umbo. Kwa siku 11 za mwanzo hakuna siku iliyozidi mtu mmoja. Kisha 8, kisha 56, kisha 143 tarehe 1 Septemba. Baada ya hapo nguzo zinashuka, lakini polepole kuliko zilivyopanda, na kuacha mkia mrefu. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku tano tangu mtu ameze bakteria mpaka aanze kuugua. Ukiona mamia wameshikwa ndani ya siku chache namna hiyo, shuku kwamba wamekunywa au kula kutoka sehemu moja kwa wakati mmoja. Ugonjwa unaopita tu kutoka kwa mtu hadi mtu haupandi kwa kasi hiyo. Huja kwa mawimbi, kila wimbi likizaa linalofuata. Grafu peke yake haikuambii ni pampu ipi. Inakuambia uanze kuuliza watu walikunywa wapi, na Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza hivyo.

Hatua ya 5: Weka safu mbili juu na chini, na alama ya mpini

Sasa chora kuugua juu na kufa chini, kwa vipimo vilevile, na mstari wa tarehe 8 Septemba ukipita kote.

```
mpini = pd.Timestamp("1854-09-08")

fig, (juu, chini) = plt.subplots(2, 1, figsize=(10, 6),
                                 sharex=True, sharey=True)

juu.bar(data.index, data["waliougua"], width=1,
        color="steelblue", edgecolor="white")
chini.bar(data.index, data["waliokufa"], width=1,
          color="firebrick", edgecolor="white")

juu.set_title("Kwa siku ya kuanza kuugua")
chini.set_title("Kwa siku ya kufa")

for ax in (juu, chini):
    ax.axvline(mpini, color="black", linestyle="--")
    ax.set_ylabel("Watu kwa siku")

juu.text(mpini, 120, "  Mpini waondolewa")
chini.set_xticks(data.index[::6])
chini.xaxis.set_major_formatter(mdates.DateFormatter("%d/%m"))
fig.tight_layout()
plt.show()
```

`sharey=True` usiisahau. Bila hiyo kila grafu hujichagulia kimo chake, na jicho linalinganisha nguzo zisizolingana.

Kisha uliza maswali mawili kwa namba:

```
kabla = data.loc[:"1854-09-07"].sum()
baada = data.loc["1854-09-08":].sum()
print(kabla)
print(baada)
```

Watu 516 kati ya 571 wenye tarehe walikuwa wameshaanza kuugua kabla ya siku ya kuondolewa mpini. Ni 9 katika kila 10. Kuanzia tarehe 8 na kuendelea walibaki 55 tu. Lakini ukiangalia safu ya vifo, waliokufa kuanzia tarehe 8 ni 146, na siku yenyewe ya tarehe 8 walikufa 30 wakati walioanza kuugua siku hiyo ni 12. Kwa hiyo mtu aliyepewa grafu ya vifo peke yake ataona mpini umeng'olewa mlipuko ukiwa bado na nguvu, halafu vifo vikapungua. Aliyepewa grafu ya kuugua ataona mlipuko ulikuwa umeshaporomoka siku kadhaa kabla. Hakuna aliyedanganywa namba. Wote wawili wamepewa namba za kweli kutoka jedwali moja.

Snow mwenyewe aliliona hilo na akaliandika bila kuficha. Alieleza kwamba wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana kabla ya kisima kufungwa, hivyo haikuwezekana kuamua kama maji bado yalikuwa na sumu ya kipindupindu au yalikuwa yameshasafika. Aliandika pia kwamba watu walikimbia: katika muda usiofika siku sita, mitaa iliyoathirika zaidi ilikuwa imehamwa na zaidi ya robo tatu ya wakazi wake. Hapo pana jambo ambalo nguzo haziwezi kulionyesha kamwe. Idadi ya wagonjwa hushuka pale maambukizi yanapokatika, na hushuka vilevile pale watu wa kuambukizwa wanapoondoka. Kama una idadi ya wakazi kwa kila siku, gawanya. Kama huna, usiandike "hatua zetu zimefanikiwa" chini ya grafu.

Lakini nisieleweke kwamba mpini haukuwa na maana. Baadaye kasisi Henry Whitehead, aliyekuwa akihudumu mtaani humo, aligundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba namba 40, Broad Street, jirani kabisa na pampu, aliugua siku chache kabla ya mlipuko, na maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu lililokuwa karibu na kisima. Baba wa mtoto huyo naye alishikwa na kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini ulipotolewa. Kama pampu ingeendelea kutumika, uchafu wa mgonjwa wa pili ungeweza kuingia kisima kilekile. Wimbi ambalo halikutokea haliwezi kuwa na nguzo. Ndiyo sababu mimi huweka mstari wa hatua iliyochukuliwa kwenye grafu kama tarehe tu, bila mshale wala maneno ya ushindi, na maelezo nayaweka kwenye aya.

Hatua ya 6: Wastani na wiki, kwa tahadhari

Wakati wa UVIKO-19 tulizoea kuona wastani wa siku 7. Ulifaa, kwa sababu maabara na ofisi nyingi ziliripoti kidogo mwishoni mwa juma na kulimbikiza Jumatatu. Kwa mlipuko mfupi na mkali kama huu, wastani unaharibu:

```
wastani = data["waliougua"].rolling(7).mean()
print(wastani.max(), wastani.idxmax())
```

Kilele cha 143 kinakuwa 67, na kinahama kutoka tarehe 1 hadi tarehe 6 Septemba, kwa kuwa `rolling` kwa kawaida huandika wastani kwenye siku ya mwisho kati ya zile saba. Ukiongeza `center=True` kilele kinarudi tarehe 3, lakini bado ni 67. Anayetafuta ni siku gani watu walikunywa maji mabaya ataanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku isiyo sahihi.

Kujumlisha kwa wiki ni sawa na hivyo:

```
print(data["waliougua"].resample("W").sum())
```

Pandas hapa inahesabu wiki ya Jumatatu hadi Jumapili na kuiandika kwa tarehe ya Jumapili. Unapata 2, 5, 379, 158, 16, 8, 3. Wiki ya kwanza ina siku mbili tu na ya mwisho ina siku sita, kwa hiyo 2 na 3 hazilinganishwi na nyingine. Mtu asiyejua atasema ugonjwa ulianza kwa kupanda taratibu. Na tazama kilichopotea: kwenye ripoti ya wiki, 5 inafuatwa moja kwa moja na 379. Kwenye ripoti ya siku, 8 ya tarehe 30 Agosti ilikuwa imeshapiga kelele siku mbili kabla ya kilele. Ripoti ya wiki inafaa malaria ya msimu mzima. Kipindupindu kihesabiwe kila siku tangu mgonjwa wa kwanza.

Hatua ya 7: Tumia orodha yako mwenyewe

Kituoni huna jumla za siku. Una orodha, mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja. Ihifadhi kama faili la CSV (jedwali la maandishi tu, ambalo Excel inaweza kulitoa) liitwalo wagonjwa.csv, na safu ya siku ya kuanza kuugua uiite kuugua. Kabla ya kulipandisha Colab au popote mtandaoni, futa safu za majina, namba za simu na nyumba. Kwa grafu hii unahitaji tarehe tu.

```
orodha = pd.read_csv("wagonjwa.csv")
orodha["kuugua"] = pd.to_datetime(orodha["kuugua"],
                                  format="%d/%m/%Y",
                                  errors="coerce")

print("Wasio na tarehe:", orodha["kuugua"].isna().sum())
print(orodha["kuugua"].min(), orodha["kuugua"].max())

kwa_siku = (orodha["kuugua"].value_counts()
            .sort_index()
            .asfreq("D", fill_value=0))
```

Taja `format` waziwazi. Ukiiacha kompyuta ikisie, 05/03 inaweza kusomwa Mei 3 badala ya Machi 5, na hutaona onyo lolote. `errors="coerce"` inageuza tarehe zisizosomeka kuwa tupu badala ya kusimamisha kazi; ndiyo maana mstari unaofuata unazihesabu. Tarehe ya chini na ya juu zitakuonyesha haraka mwaka uliokosewa, kama mgonjwa aliyeandikwa ataugua mwakani.

`asfreq` inaongeza siku ambazo hazikuwa na mgonjwa na kuzipa sifuri. Kwenye nguzo hutaona tofauti, lakini kwenye mstari au wastani siku zilizorukwa zingehesabiwa kana kwamba hazikuwepo.

Kama mlipuko unaendelea, nguzo za siku za mwisho karibu daima zitakuwa fupi kuliko ukweli, kwa sababu walioanza kuugua jana na juzi wengi bado wako nyumbani. Zifunike kwa kivuli ili mtu asishangilie mapema:

```
fig, ax = plt.subplots(figsize=(10, 4))
ax.bar(kwa_siku.index, kwa_siku, width=1,
       color="steelblue", edgecolor="white")

mwisho = kwa_siku.index.max()
ax.axvspan(mwisho - pd.Timedelta(days=3.5),
           mwisho + pd.Timedelta(days=0.5),
           color="grey", alpha=0.3)
```

Siku nne nilizoweka hapa ni mfano. Chukua kwenye orodha yako muda wa kawaida kati ya kuanza kuugua na kuandikishwa kituoni, utumie huo.

Mwisho, andika maelezo ndani ya picha yenyewe, kwa kuwa picha itakatwa na kutumwa WhatsApp bila aya zako:

```
fig.text(0.01, -0.04,
         "Kwa siku ya kuanza kuugua. Wasio na tarehe: "
         + str(orodha["kuugua"].isna().sum())
         + ". Kivuli: taarifa hazijakamilika.")
fig.savefig("mlipuko.png", dpi=200, bbox_inches="tight")
```

Weka `savefig` kabla ya `plt.show()`, la sivyo unaweza kuhifadhi karatasi nyeupe. Na kila unapotoa toleo jipya, lipe faili jina lenye tarehe ya siku hiyo, ili grafu ya juzi isije ikasambazwa kama ya leo.